Bustani za umma: Anayeng'oa taa huiba zaidi ya taa

Mnyororo wa bembea moja katika uwanja wa watoto si mali kubwa. Anayeukata usiku na kuufikisha kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hupimiwa kwenye mizani na kulipwa kwa kilo, na malipo hayo pengine hayatoshi hata chakula cha siku mbili. Asubuhi inayofuata, mama aliyezoea kuwaleta wanawe mahali hapo anakuta ubao wa bembea umelala chini, anageuza njia na kurudi nyumbani. Mwizi amepata shilingi chache. Mtaa umepoteza mahali pa watoto kuchezea, na bustani yenyewe imempoteza mmoja wa walinzi wake pasipo mtu yeyote kutambua.

Hasara hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Kila tunapozungumzia uharibifu wa bustani za umma nchini, mazungumzo huishia kwenye orodha ya vilivyoibwa: taa, nyaya, vyuma vya ua, mifereji ya maji, milango ya vyoo, mifuniko ya mashimo ya majitaka. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini haielezi ni kwa nini bustani iliyoibiwa balbu moja mwezi wa kwanza huwa imegeuka kichaka kabla ya mwaka kwisha. Ili kulielewa hilo, hatuna budi kufuata mkondo mzima, kutoka kwa anayeng'oa hadi anayenunua, kutoka kwa anayechelewa kurekebisha hadi anayeimezea mate ardhi yenyewe.

Mali ya nani?

Wapo wanaodhani kuwa anayevunja benchi la bustani anaikomoa serikali. Dhana hiyo ina mizizi mirefu. Wakati wa ukoloni, Nairobi ulikuwa mji uliogawanywa kwa misingi ya rangi, na Mwafrika aliutembea akiwa na kipande shingoni. Si ajabu basi kwamba vitu vya manispaa vilionekana kuwa vya watu wengine. Dhana hiyo haikufa papo hapo bendera ilipobadilishwa mwaka 1963.

Hata hivyo, sheria ya leo inasema jambo tofauti kabisa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi serikali za kaunti jukumu la kusimamia bustani, fuo na sehemu za burudani. Nacho Kifungu cha 62 kinaeleza kuwa ardhi ya umma ya aina hiyo hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wake. Kwa maneno mengine, gavana si mwenye bustani, bali ni mwekewa amana. Mwenye mali ni mkazi, akiwemo yule anayeikata nyaya zake usiku.

Thamani ya mali hiyo huonekana zaidi kwa mwananchi wa kipato cha chini. Aliye na uwezo humpeleka mwanawe kwenye vituo vya burudani vya kulipia, au humchezesha katika ua wa nyumba yake. Anayeishi katika chumba kimoja hana mahali pengine. Bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa rasmi na Mzee Jomo Kenyatta mwezi Mei 1969, kwa miongo mingi ilikuwa sebule ya familia kama hizo siku za Jumapili na sikukuu. Wapiga picha, wauza aiskrimu na waendesha mashua kwenye kidimbwi chake walipata riziki yao humo. Bustani inapoharibiwa, hao ndio wa kwanza kuumia.

Jinsi bustani inavyokufa

Bustani haifi siku moja. Mara nyingi mauti yake huanza na giza. Nyaya za taa hulengwa mapema kwa sababu ndani yake mna shaba, madini ambayo bei yake huishinda ya chuma cha kawaida kwa mbali. Zikishakatwa, taa huzimika hata kama balbu zenyewe ni nzima. Kuanzia hapo, mwanamke anayetoka kazini saa moja jioni hapiti tena njia ya bustanini. Wazee waliokuwa wakicheza bao hadi jua litue huondoka mapema, na wanafunzi waliokuwa wakidurusu chini ya taa hutafuta mahali pengine.

Hatua ya pili ni choo na maji. Mfereji uking'olewa, maji humwagika hadi pale msimamizi anapofunga bomba kuu. Pasipo maji, choo hakitumiki, na pasipo choo, mzazi mwenye mtoto mdogo hawezi kukaa zaidi ya nusu saa. Mche uliopandwa msimu wa mvua hukauka kiangazi kinapoingia. Hapo bustani huwa imepoteza wageni wa usiku na wa mchana.

Hatua ya tatu hufuata yenyewe. Mahali pasipo na watu ndipo mwizi anapofanya kazi kwa utulivu. Ikiwa hapo awali alilazimika kuvizia usiku wa manane, sasa anaweza kuja na msumeno saa tisa alasiri. Kisha hufuata wavutaji bangi, wanyang'anyi wa simu na mirundo ya taka. Aliyevunja kitu cha kwanza amemrahisishia kazi wa pili, na wa pili amemrahisishia wa tatu.

Jambo hili limeshughulisha wasomi kwa muda mrefu. Mwaka 1961 mwandishi Jane Jacobs alieleza, kwa kuitazama miji ya Marekani, kwamba usalama wa mtaa hutokana hasa na macho ya watu wanaoutumia kila siku, wala si polisi peke yao. Mwaka 1982, James Q. Wilson na George Kelling nao walidai kuwa dirisha moja lililovunjika na kuachwa bila kurekebishwa huwa ishara kwamba hakuna anayejali, na hivyo hualika uharibifu zaidi. Dai hilo la pili limepingwa na watafiti kadhaa, hasa kwa sababu baadhi ya polisi wa Marekani walilitumia kuwahangaisha maskini kwa makosa madogo madogo. Lakini sehemu yake inayohusu kurekebisha mapema haina ugeni kwetu. Waswahili walishanena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mizani ya vyuma chakavu

Hakuna anayeiba mfuniko wa shimo la majitaka ili akautandike sebuleni kwake. Anauiba kwa sababu kuna mtu atakayeununua bila kuuliza umetoka wapi. Kwa hivyo, ukimtaka mwizi wa bustani, mtafute kwenye mizani.

Biashara ya vyuma chakavu yenyewe si haramu, wala haifai kuharamishwa. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hutengeneza masanduku, majiko na karai kwa mabati na mapipa yaliyokwisha kutumika. Viwanda vya chuma navyo huyeyusha vyuma vikuukuu ili kupata nondo za ujenzi. Maelfu ya vijana hujikimu kwa kuokota, kukusanya na kuuza vyuma. Tatizo huzuka pale chuma cha halali na cha wizi vinapochanganyika katika gunia moja. Kikishakatwa vipande na kuyeyushwa, hakuna awezaye kukitambua.

Bunge lilijaribu kuziba mwanya huo kwa kupitisha Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015. Sheria hiyo iliunda baraza la kusimamia biashara hiyo na kuwataka wafanyabiashara wawe na leseni. Udhaifu wa utekelezaji wake ulidhihirika Januari 2022. Tarehe 11 mwezi huo, milingoti ya kusafirishia umeme kati ya Kiambere na Embakasi ilianguka, na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Siku chache baadaye, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, akitaja uharibifu wa miundomsingi. Marufuku hayo yaliondolewa miezi michache baadaye na masharti mapya yakawekwa.

Funzo la kisa hicho linahusu bustani pia. Marufuku ya jumla humwadhibu mwokotaji mwaminifu pamoja na mwizi, na hayawezi kudumu kwa sababu viwanda vinahitaji malighafi. Kinachoweza kudumu ni kumfanya mnunuzi aogope gunia lisilo na maelezo. Sheria ya kufanya hivyo ipo tayari. Kwa mujibu wa Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, adhabu ya jumla ya wizi ni kifungo kisichozidi miaka mitatu, na anayeharibu mali kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Lakini anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 14.

Tafakari tofauti hiyo, msomaji. Waliotunga sheria walimwona mnunuzi kuwa hatari kuliko mwizi. Mitaani, hata hivyo, mambo huenda kinyume. Anayenaswa na kuchapwa na umati ni kijana wa mtaani aliyebeba kipande cha bomba, ilhali mwenye mizani anaendelea kupima. Licha ya kuwa uhalifu, adhabu ya umati haifiki popote, kwa kuwa kijana mwingine atachukua nafasi ya huyo kesho yake.

Pengo la marekebisho

Tusimlaumu mwizi peke yake. Baina ya siku benchi linapovunjwa na siku linaporekebishwa, kuna pengo, na pengo hilo ndilo huiua bustani.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Ikiwa fedha za ukarabati hazikutengwa, benchi lililovunjwa mwezi Agosti huenda likasubiri bajeti nyingine, kisha zabuni, kisha mwanakandarasi. Kwa upande mwingine, mradi mpya una utepe wa kukatwa, kamera na jiwe lenye jina la mheshimiwa. Kubadilisha balbu hakuna sherehe. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa wastani wa miaka kadhaa, itengewe maendeleo. Lengo hilo ni jema. Lakini mishahara ya watunza bustani na matengenezo madogo madogo huwekwa katika fungu la matumizi ya kawaida, ambalo ndilo huwa la kwanza kubanwa fedha zikipungua. Matokeo yake ni kwamba tunajenga bustani kwa mamilioni, kisha tunakosa maelfu ya kuitunza.

Kisa cha Bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi, kinalionyesha jambo hili waziwazi. Eneo hilo lililokuwa jaa la taka lilisafishwa na kupandwa miti kuanzia 2008, John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira. Baada ya kifo chake mwaka 2012, usimamizi ulilegea, taka zikarejea na wapita njia wakaanza kuliogopa. Mwaka 2020 serikali ililazimika kulikarabati tena. Umma uligharimia bustani ile ile mara mbili.

Wizi wa vitu vinavyotambulika nao huacha kidonda kisichopona kwa fedha. Katika Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906, sanamu ya Malkia Victoria iliangushwa na kuharibiwa mwaka 2015. Huenda wengi hawakulimwagia machozi jiwe la kumbukumbu ya mkoloni. Lakini suala la sanamu gani isimame na ipi iondolewe ni uamuzi wa wananchi wote, unaofaa kujadiliwa mchana, wala si wa mtu mmoja mwenye nyundo gizani.

Baada ya uharibifu, unyakuzi

Hapa ndipo penye kiini cha hatari. Katika nchi yetu, bustani iliyokufa haiachwi ioze kwa amani. Huja mtu mwenye ramani na hati, akadai kuwa ardhi hiyo haitumiki.

Historia inatuonya. Mwaka 1989, mpango wa kujenga jumba la orofa 60 katika Bustani ya Uhuru ulipingwa na Profesa Wangari Maathai, aliyetukanwa na kudhihakiwa hadharani kwa ujasiri wake. Hatimaye mradi huo ulitupiliwa mbali. Mwaka 1991, mpango wa kujenga maegesho ya magari katika Bustani ya Jeevanjee ulipingwa na wananchi wakiongozwa na Zarina Patel, mjukuu wa mfadhili mwenyewe. Katika City Park alimozikwa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, waliojali kumbukumbu yake walilazimika kulipigania eneo hilo baada ya kaburi kuharibiwa na ardhi iliyo jirani kumezewa mate na wastawishaji. Nayo ripoti ya tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilifichua jinsi ardhi ya umma, zikiwemo bustani na viwanja vya michezo, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria.

Bustani za Uhuru na Jeevanjee zilinusurika kwa kuwa zilikuwa na watu. Maelfu walizijua, walikuwa wamepigia picha humo, walikuwa wamepumzika humo. Uwanja mdogo wa mtaani ambao ua wake umeibwa, bembea zake zimeng'olewa na watoto wake wametoroka hauna mashahidi wa kuutetea. Siku mabati ya ujenzi yanapouzunguka, majirani wengine hata husema afadhali, angalau wanyang'anyi wataondoka. Mwizi wa bembea hakukusudia kumsaidia mnyakuzi, lakini alimfagilia njia.

Walikofanikiwa

Si kwamba hali hii haina dawa. Msitu wa Karura, wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000, uliwahi kuwa mahali pa kuogopwa. Mwaka 1999 Profesa Maathai na wenzake walishambuliwa wakiutetea dhidi ya wanyakuzi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilipoipa jamii nafasi katika usimamizi, wakazi wa karibu, wakiwemo wa mtaa wa Huruma ulio pembezoni mwa msitu, waliungana na Shirika la Huduma za Misitu. Uzio wa umeme ulijengwa, walinzi wakaajiriwa, njia zikafunguliwa. Wageni walipoongezeka, wahalifu walihama. Uzio ulisaidia, lakini kilichoubadilisha msitu ni miguu ya watu kupita humo kila siku.

Huenda ikadaiwa kuwa Karura imezungukwa na matajiri. Basi na tuitazame Dandora. Katika miaka ya 2010, makundi ya vijana wa mtaa huo yalianza kushindana kuzigeuza nyua zilizojaa taka kuwa bustani ndogo zenye maua na viti. Kule Korogocho, vijana, baadhi yao wakiwa wameacha uhalifu, walisafisha ukingo wa Mto Nairobi uliokuwa jaa la taka na maficho ya wezi, wakatengeneza bustani ya umma. Anayejua njia za wezi ndiye aliyekuwa mlinzi bora. Aidha, ni vigumu kwa kijana kung'oa ua alioupanda mwenyewe, au kumruhusu mwenzake aung'oe.

La kufanya

Mifano hiyo inatuelekeza kwenye mambo manne yasiyohitaji miujiza.

Kwanza ni vifaa visivyouzika. Benchi la saruji au la mawe halina soko kwenye mizani. Nyaya zinaweza kuzikwa na kufunikwa kwa saruji, na mfuniko wa shimo unaweza kuwa wa saruji badala ya chuma. Kila kifaa cha chuma kinachobaki kipigwe chapa ya kaunti isiyofutika, ili mnunuzi asipate kisingizio cha kutojua.

Pili ni mtu wa kudumu. Mtunza bustani anayefahamika kwa jina na wakazi, mwenye nambari ya simu iliyoandikwa langoni, hufanya kazi kubwa kuliko doria ya askari inayopita mara moja kwa juma. Mwenye kibanda cha chai aliyeruhusiwa kihalali kuuza kando ya bustani naye ni mlinzi asiyelipwa na kaunti.

Tatu ni mnunuzi. Polisi na maafisa wa leseni wakague mizani kabla ya kuwakimbiza vijana vichochoroni. Mkazi anayeona mlingoti wa taa ukiingizwa katika kituo cha vyuma ana haki na wajibu wa kuripoti, na mpango wa Nyumba Kumi ulikusudiwa hasa kwa habari za namna hiyo.

Nne ni fedha za marekebisho, na hapa mkazi ana nguvu asizozitumia. Kila mwaka, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na sheria inalazimu maoni ya wananchi yasikizwe. Katika vikao hivyo wakazi huomba barabara, zahanati na madarasa, na wana haki ya kuomba. Pamoja na hayo, kila wadi yenye bustani, hata kama ni uwanja wenye bembea mbili, haina budi kumuuliza diwani wake swali moja fupi: mwaka huu zimetengwa shilingi ngapi za kurekebisha kilichovunjika, na zitatolewa baada ya siku ngapi? Asipokuwa na jibu, wakazi wajue kuwa taa itakayong'olewa Julai haitawaka tena hadi mwaka mwingine, na kwamba huenda wakati huo kusiwe na bustani ya kumulikwa.